Goli la Wekesa

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Vidonge vinne. Uji nusu kikombe. Miguu imevimba, viatu haviingii tena.

Niandike hili kabla Naomi hajarudi kutoa vyombo. Nina uongo nilioutunza miaka arobaini. Unahusu kibendera nilichokishika mkononi, na goli la Wekesa. Mke wangu alikufa bila kuujua. Naomi, binti yangu, haujui. Wekesa mwenyewe haujui, na ndiye anayenibeba.

Daktari alimwita Naomi pembeni akamwambia moyo wangu umechoka, tuhesabu wiki tu. Alidhani sisikii. Masikio yangu ndiyo yaliyobaki mazima.

Saa tisa Wekesa alikuja kama kila Jumamosi. Yeye na jirani walininyanyua pamoja na kiti changu cha plastiki, wakanivusha barabara hadi kwa Njoroge, mwenye ukumbi wa video. Mpira wa Ulaya. Ukumbi umejaa, joto, harufu ya mahindi ya kuchoma. Dakika ya sabini goli likaingia, vijana wakarukiana mabegani. Kisha refa akashika sikio. VAR, ile picha ya video ya kurudiwa. Mistari ikachorwa kwenye skrini, goli likafutwa. Mchezaji ameotea kwa bega.

Kelele.

"Bega gani? Hilo ni kwapa! Mtu anaotea na kwapa?"

"Kwani hakuoga ndio kwapa lionekane hivyo?"

"Hiyo laini imechorwa na mtoto wa nasari!"

Njoroge akapiga meza. "Nyamazeni! VAR ya mtaa wetu wa Huruma iko hapa. Mzee Karani, toa uamuzi."

Wote wakanigeukia. Nikasema ameotea. Wakanyamaza. Hawabishani nami, kwa sababu zamani nilikuwa mshika kibendera, na kwa sababu ya ile fainali ambayo mtaa mzima unaijua.

Wekesa akaniinamia. "Karani, mimi lakini sikuotea."

Husema hivyo kila Jumamosi. Watu hucheka. Nami nikacheka. Nakichukia kicheko changu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimelala nikitazama dari.

Niieleze fainali ile, nione kama mkono utakubali kufika mwisho.

Ilichezwa Kariobangi, uwanja wa vumbi, mstari umechorwa kwa majivu. Vijana wa Mathare dhidi ya wenyeji. Refa alitumwa na chama cha mpira. Washika kibendera walitoka mitaani, ndivyo tulivyofanya siku hizo. Alichaguliwa mtu mzima asiye mlevi, mwenye heshima. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa karani wa jiji na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Palipotokea ugomvi, mshika kibendera ndiye aliyeandika ripoti.

Wekesa, mshambuliaji wa Mathare, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa na mbio ambazo sijaziona tena. Meneja wa kampuni moja alikuwa ameketi kwenye benchi siku hiyo. Kampuni zilikuwa na timu zao, na ukiwachezea wanakupa kazi, nyumba, na bima ya hospitali. Alikwisha kumwambia Wekesa aende ofisini Jumatatu na kitambulisho.

Dakika za mwisho, sufuri kwa sufuri. Wekesa akafunga. Nikainua kibendera. Refa akalikataa goli.

Wekesa alinijia mbio, akanikamata kola. Aliniita mwongo mbele ya mtaa mzima. Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga.

Kamati ikaniambia niandike. Niliandika kurasa mbili. Niliandika kwamba nilimwona kwa macho yangu mwenyewe, amempita mlinzi wa mwisho hatua nzima kabla mpira haujapigwa. Kiswahili safi, hakuna neno lililofutwa. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, akanisifu. Wakamwambia Wekesa amwombe Karani radhi, mwezi ujao acheze. Akakataa. Alisema hawezi kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Wakamfungia. Kampuni ikachukua mtu mwingine.

Tangu hapo anachomelea mageti na madirisha kwenye karakana za jua kali za Kariobangi. Macho yake sasa ni mekundu daima. Kwa miaka ishirini hakunisalimia. Kisha alihamia ploti yetu ya vyumba vya kupanga, akaanza kunisalimia, na kila salamu iliishia kwa neno lile: sikuotea.

Mkono umekataa hapa. Nitajaribu siku nyingine, kama ipo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Pumzi fupi. Mito mitatu mgongoni.

Mchungaji alikuja na meza ya Bwana. Aliniuliza kama kuna linalonilemea. Nilisema hapana. Nikala mkate, nikanywa.

Mungu anajua tayari. Asiyejua ni Wekesa.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mvua tangu asubuhi. Naandika kwa kupumzika kila mstari.

Wekesa alikuja saa nne, siku ya kazi, na ovaroli yake, ananuka chuma. Nilidhani amefiwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwomba Naomi atuache kidogo.

Alisema hajalala vizuri tangu Jumamosi. Lile goli la kwapa. Kwa macho yake alikuwa ameona mchezaji hajampita mlinzi, angeweza kuapa mahakamani. Kisha wakarudisha picha, wakachora mistari, kumbe ameotea. Akajiuliza: kama mtu aliyekaa kwenye kiti, ametulia, anaweza kukosea hivyo, je, yule anayekimbia na damu imempanda kichwani?

Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Karani, mimi nilikuwa nakimbia. Wewe ulikuwa umesimama kwenye mstari. Wewe ndiye uliyeona. Nimekuita mwongo miaka arobaini, mbele ya watoto wako. Nisamehe kabla hujaenda."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Hata mtoto angejua la kusema.

Nilisema: nimekusamehe.

Nimeyaandika maneno hayo na bado nipo hai. Nilimsamehe. Mimi. Alifuta macho kwa kiwiko, akanywa chai, akala mkate, akamtania Naomi kwamba chai yake ina maji mengi kuliko Mto Mathare. Nilimsikia akipiga mluzi kwenye ngazi.

Nimemwibia mara ya pili.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Naomba nife kabla ya kesho. Naliandika kama lilivyo.

Nimefikiria kuandika barua, Naomi ampe baada ya mazishi. Huo ni woga. Atasimama kaburini na karatasi mkononi, na hatakuwa na mtu wa kumkamata kola.

Nimefikiria pia kumwambia tu kwamba lilikuwa goli. Maneno mawili. Ningempa goli lake, angelia kwa furaha, nami ningekufa nimeonekana mwema. Lakini hilo nalo ningekuwa nimelitunga, kama ripoti.

Naomi ameniuliza kwa nini nalia. Nimesema miguu inauma.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Sikutaka kwenda. Wekesa hakusikia. Alisema leo lazima, kuna jambo.

Kabla mpira haujaanza alimwambia Njoroge apunguze sauti ya televisheni. Akasimama mbele ya skrini, mkono mmoja juu ya kiti changu. Akawaambia vijana kwamba kwa miaka arobaini amesema hakuotea, na leo anasema mbele yao: aliotea. Karani alikuwa sawa. Asimsikie mtu tena akimtania mzee.

Ukumbi ulilipuka.

"Buda Wekesa, VAR yako imechelewa! Miaka arobaini!"

"Hata hao wa Ulaya hawachukui muda hivyo!"

Walipiga makofi. Kijana mmoja alikuja kunisalimia kwa mikono miwili kama mtu anayesalimia askofu. Wekesa alikuwa akitabasamu, lakini niliiona shingo yake. Mishipa imesimama. Ilimgharimu. Alikuwa akiliacha neno lake, kitu pekee alichokuwa amekataa kukiacha alipokuwa kijana, mbele ya kamati, kazi na nyumba vikiwa mezani.

Nilijaribu kusema. Nilifungua mdomo kweli. Sauti haikutoka, ilitoka kohozi. Wakadhani nimezidiwa, wakanirudisha nyumbani mpira haujafika hata mapumziko.

Sitakufa hivi. Sikubali.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mvua imekatika. Naomi yuko kanisani. Mtaa umetulia, redio moja tu mahali fulani inaimba.

Nilimtuma aniitie Wekesa kabla hajatoka. Alikuja na shati la Jumapili. Nikamwomba aketi mbali kidogo, kwenye stuli, si kitandani, ili asinishike mkono.

Nikamwambia ripoti yangu ilikuwa uongo.

Hakusogea. Kisha uso wake ukabadilika, pole pole, nami nikauona ukirudi kuwa ule wa miaka ishirini na miwili. Macho yale mekundu yakawaka.

"Kwa hiyo lilikuwa goli," alisema. "Karani, lilikuwa goli!"

Alisimama. Alizunguka chumba, hatua tatu huku, hatua tatu kule, akicheka, mikono kichwani. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile. Ningeweza kunyamaza tu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza lingine.

Nikamwambia akae.

Nikamweleza. Uwanja ule haukuwa na kamba. Mashabiki wa Kariobangi walikuwa wamemwagika hadi juu ya majivu, safu tatu, nne, na mshika kibendera alikimbia nyuma ya migongo yao. Mimi ni mfupi. Kwa nusu saa ya mwisho nilikuwa nikiufuata mchezo kwa kusikia. Pasi ilipopigwa, wakapiga kelele wote kwa pamoja: ameotea! Mkono wangu ukapanda na sauti yao.

Redio ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine.

Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa: "Sasa niliotea au sikuotea?"

Nilitamani sana kumpa jibu. Nilimtazama usoni, jambo ambalo sikulifanya siku ile. Nikamjibu.

Sijui, Wekesa. Sikuona.