Joistiki Imetoka Sandukuni

Ulyankulu, Jumapili baada ya misa

Kaka Habimana,

Shikamoo. Huku mahindi yamebeba vizuri, na yule mbuzi mwizi wa mboga amezaa mapacha, wezi kama mama yao.

Joistiki yako, ule mshikio wa kurushia ndege kwenye kompyuta, imetoka sandukuni. Usinilaumu. Baba aliyeificha mwaka ule mlipogombana ndiye aliyeitoa. Tangu mkono wake wa kulia upooze, daktari anataka auzoeze kushika vitu, naye mpira wa mazoezi anaudharau.

Plagi yake pana ya zamani haikuingia kwenye kompyuta yangu mpya. Nilinunua adapta Tabora mjini, lakini ndege ikawa inalalia kushoto na kuanguka. Siku tatu nimeitukana adapta bure! Kosa lilikuwa adabu zetu. Kabla sijachomeka, nilimpa Baba aishike joistiki kwanza, maana mkubwa hatanguliwi. Mkono wake ukaulaza mshikio kulia, na kompyuta ikadhani hapo ndipo katikati; uliposimama wima, ikaona umelala kushoto.

Jana nilimwomba radhi, nikachomeka mshikio ukiwa umesimama wenyewe mezani. Ndege ikapaa! Baba akacheka kicheko ambacho nyumba hii haijakisikia tangu uondoke.

Kupaa sasa anajua. Kutua hajui, na mimi hataki nimfundishe. Amesema, "Mwandikie mwenye chombo. Mwambie niko juu huku, namngoja yeye anishushe."

Mdogo wako,
Rustika