Federika Hatoki Jikoni

Ifakara, Jumapili jioni, masika ya 1996. Mvua tangu asubuhi, hasira tangu mchana.

“Mwenye kifafa hakai karibu na mashine ya mionzi. Inaamsha ugonjwa, inakausha damu, na chakula kinachotoka humo ni chakula mfu.”

Hayo ni maneno ya kaka yangu Remigi, aliyoyasema leo nyumbani kwangu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. Ameyapata kwa watu wa kwetu upande wa Mahenge, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona maikrowevu. Mimi ninayo jikoni. Kijitabu chake cha maelekezo nimekisoma chote, kamusi ikiwa pembeni. Lakini kwa kuwa yeye ni mkubwa na amevaa suruali, maneno yake ndiyo elimu na yangu ndiyo kelele.

Naandika nisije nikalala na haya kifuani.

Kaka alivuka mto kwa pantoni Alhamisi akiwa na nia moja, kumchukua mdogo wetu Federika arudi naye kijijini. Federika ana kifafa tangu utotoni. Alipokuwa msichana mdogo alianguka kwenye mafiga, sufuria ya maharage ikiwa jikoni. Watu wazima walikuwapo. Walisimama wakatazama, kwa sababu kwetu wanaamini povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe umeupata. Mama ndiye aliyekuja mbio kutoka kisimani akamvuta. Vidole vya mkono wake wa kushoto vimeshikana kwa makovu mpaka leo.

Baada ya hapo akakatazwa jiko. Akakatazwa kisima. Akakatazwa karibu kila kitu isipokuwa kukaa. Amekula, miaka yote hiyo, pale mtu mwingine alipokumbuka kumpakulia.

Alipohamia kwangu nilikuwa nimeachiwa maikrowevu hii na mama mmoja mgeni niliyemfundisha Kiswahili. Mumewe alimaliza kazi kwenye mradi wa maji, wakarudi kwao. Nilikaribia kuigawa, maana umeme wetu wenyewe unakuja na kuondoka bila kuaga. Kisha nikamwangalia Federika, nikaiangalia mashine isiyo na mwali wa moto, nikajiita mjinga.

Nilimfundisha polepole. Chakula kinawekwa kwenye bakuli la kioo au la kauri, kamwe si kwenye sufuria, na kijiko hakibaki ndani. Wali wa jana unanyunyiziwa maji kidogo na kufunikwa bila kubanwa, ili mvuke upate pa kutokea. Katikati unasimamisha na kukoroga, kwani mashine hii hubabua pembeni ikaacha katikati baridi, na samaki aliyepashwa nusu ni ugomvi na tumbo. Yai na gamba lake haliingii, linapasuka. Mashine haiwashwi tupu. Mlango ukilegea, haitumiki mpaka fundi aione.

Kwa ajili yake hasa tuliongeza sheria zetu wenyewe. Tuliiweka kwenye meza fupi, ili asishike bakuli la moto usawa wa kifua. Ikisema ting, chakula kinaachwa kitulie humo humo mpaka bakuli lishikike, na mfuniko unainuliwa kuelekea mbali na uso. Mvuke nao unaunguza. Sijawahi kudai kwamba mashine ni malaika.

Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma anayetuletea maziwa, aliangua kicheko siku ya kwanza. “Yaani dada, kabati ndiyo inapika? Basi mwakani sanduku litafua nguo!” Maziwa yake yalipofura na kumwagika humo ndani akacheka hadi akakaa chini, na Federika akacheka naye huku anayafuta. Mwanamke aliyevuka thelathini, kwa mara ya kwanza maishani mwake anafuta uchafu wa jikoni alioufanya mwenyewe.

Sasa, jana. Federika alianguka jikoni mashine ikiwa inazunguka. Nilimlaza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa, nikasubiri. Kaka alisimama mlangoni, hakumgusa. Mashine ikafika mwisho wa muda wake, ikajizima. Federika akaamka na uvimbe kwenye kiwiko.

Uvimbe kwenye kiwiko, basi!

Kaka aliona mionzi. Mimi niliona moto unaojua kujizima.

Leo mchana likaja la pili. Kwetu kaka mkubwa hapelekewi chakula kwenye kioo kinachoonyesha kila kitu. Anapelekewa bakuli la bati lenye maua, na mfuniko wake juu. Ndiyo heshima. Federika alipakua wali na perege kwenye bakuli hilo, akafunika, kisha akaona chakula kinapoa wakati kaka bado anaongea barazani. Akaliingiza lilivyo kwenye mashine. Nilikuwa nimemtajia sufuria, nimemtajia kijiko. Bati lililopakwa rangi nyeupe na kuchorwa waridi halikumjia akilini, na mimi sikuwa nimelitaja. Cheche za buluu zikaruka. Akabonyeza kitufe cha kuzima, akachomoa waya ukutani, kama alivyofundishwa. Bakuli likapata alama nyeusi ukingoni. Hakuna kingine kilichoharibika.

Kaka akaingia mbio. “Nilisema! Nilisema mimi! Jumanne naondoka naye.” Ndipo akayamwaga yale ya damu na chakula mfu.

“Shikamoo kaka,” nikamwambia, maana nilikuwa ndiyo kwanza natoka misani. “Keti kwanza.”

“Sikai! Ugonjwa umeamka. Jana kaanguka, leo mashine inatema moto.”

“Kabla ya jana hajaanguka tangu kiangazi. Mashine ilikuwepo muda wote huo. Au ilikuwa inakusubiri wewe ufike?”

“Wewe vitabu vimekuharibu.”

“Na wewe kutosoma kumekutengeneza?”

Federika ndiye aliyetunyamazisha. Alikuwa amesimama na lile bakuli mkononi. “Kaka, mwambie dada habari ya vidonge.”

Kaka akaangalia mvua.

Nikajua kabla hajafungua mdomo. Amekuja na mizizi kwenye chupa. Amemwambia dawa mbili hazikai tumbo moja, aache vidonge vya hospitali. Federika, kwa heshima ileile ya bakuli la maua, akaacha kuvimeza tangu siku kaka alipofika. Mimi nilikuwa nalala nao nyumba moja, sikujua.

Kwa hiyo mtu anamwachisha mgonjwa dawa, mgonjwa anaanguka, halafu linashtakiwa kabati!

Nilipaza sauti. Mama Kulwa alisimama upande wa pili wa ua na ndoo yake, wala hakujisumbua kujifanya anapita. Kaka akasema anamtaka Federika kwake, ambako yuko salama.

“Salama wapi? Kwenye mafiga yaliyomla vidole?”

Federika akajibu yeye.

“Mimi siendi, kaka. Huko napakuliwa. Hapa napakua.”

Kisha akauhamishia wali kwenye bakuli la kioo, akanyunyiza maji, akafunika, akachomeka waya, akabonyeza. Sisi wawili tukasimama kama watu wanaosubiri hukumu. Ting. Akaacha kitulie. Akalileta mezani, akamkaribisha. Kaka hakugusa. Federika akavuta kiti, akala yeye, perege na wali wote, akameza kidonge chake mbele yetu. Kesho nampeleka hospitali wamwangalie, kwa sababu vidonge vile haviachwi na kurudiwa kienyeji.

Nirudi kwenye mionzi, maana kaka atalisema neno hilo njia nzima mpaka Mahenge. Mawimbi ya mashine hii yanatikisa maji yaliyomo kwenye chakula, na chakula kinapata joto kwa mtikisiko huo. Ukifungua mlango yanakoma, kama mwanga unavyokoma ukizima taa. Hayabaki kwenye wali. Hayamfuati mtu chumbani. Wenye kifafa, ugonjwa wao huamshwa na kukosa usingizi, na homa, na kukatiziwa dawa na ndugu wanaowapenda. Moshi wa kuni anaokaa nao mke wa kaka kila siku ya maisha yake, nao unakohoza mpaka machozi, hakuna anayeuita adui. Umezoeleka.

Nimejiuliza jioni hii kama nimekuwa mkali mno kwa kaka yangu.

Hapana. Nimechelewa kuwa mkali.

Ukurasa huu nitaunakili niubandike kwenye ubao wa matangazo nje ya kanisa, kwa hiyo sasa naongea na wewe mwenye ndugu wa kifafa, uwe hapa mjini, Kisawasawa, Malinyi au kwetu ng'ambo ya mto. Sikudai mashine. Najua nguzo za umeme zinaishia wapi. Nakudai hili: usimwondoe jikoni, uondoe moto chini. Acha kupika kwenye mafiga matatu yaliyo usawa wa uso wa mtu aliyeanguka. Finyanga jiko la udongo lililoinuka hadi kiunoni, lenye ukingo, sufuria izame ndani yake isiweze kuvutwa. Mpe vidonge vyake bila kukosa. Akianguka mguse, mlaze ubavu, povu lake halikufanyi kitu. Mvua hii imeshalainisha udongo. Kesho asubuhi chukua jembe, uanze kujenga.