Bendera ya Saa Nane

Harlingen, 6 Julai

Kwako Kaka Wobbe,

Salamu. Afya yako sina haja ya kuiuliza, maana mtu anayeweza kunifokea kwenye simu dakika ishirini bila kumeza mate, kifua chake ni kizima. Wifi Baukje natumaini mgongo umempa nafuu. Mimi sijambo. Mwanao Jildou yuko hapa kwangu, anakula kidogo na kulala mchana kutwa. Kwa hiyo acha kuwasumbua majirani zangu ukiwauliza kama nimemficha. Hajafichwa. Hataki kukuona, basi.

Jumapili ulisema chanzo cha balaa lote ni Mwalimu Akkerman, mlezi wa darasa lake, kwamba alizembea kupiga simu siku ya matokeo akakuaibisha mbele ya kijiji. Nakala ya barua uliyomwandikia mkuu wa shule nimeisoma, kurasa tatu nzima, pamoja na pale unaposema mama yule hafai kufundisha hata kuku. Nasikia Jumanne ataitwa mbele ya kamati ajieleze, na huenda akapoteza kazi. Ngoja nikukumbushe mambo yalivyokwenda, halafu tuone nani hafai.

Chanzo ni ile fomu ya michepuo, Jildou akiwa darasa la tatu la sekondari. Nilikuwepo jikoni kwenu, nakata mkate wa sukari. Mtoto alikuja na fomu ameshaijaza: Utamaduni na Jamii, yenye historia, Kifaransa na sanaa. Ukamwuliza akikua atakula nini, picha? Ukasema karakana yako ya pampu ina miaka hamsini na haikujengwa kwa Kifaransa. Ukachukua kifutio, ukafuta alama yake, ukaweka yako kwenye Maumbile na Ufundi: hesabu ngumu, fizikia, kemia. Historia ukamwachia iwe somo la ziada, kama mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze. Mshauri wa masomo alipokupigia kukuonya kwamba hesabu za mtoto ni dhaifu, ulimjibu kwamba baba ni wewe, yeye ni mshahara tu. Ulinisimulia mwenyewe huku unacheka.

Kanuni ya mtihani unaijua, maana uliibandika kwenye friji. Kiholanzi, Kiingereza, na hesabu kwa mwenye kuzisoma, ndiyo masomo ya msingi, na humo tano moja inavumiliwa, lakini nne haivumiliwi hata kama kwingine umepata kumi tupu. Jildou alipata tisa ya historia. Tisa, Wobbe, katika shule ambayo saba watu wanainunulia keki. Na hesabu akapata nne. Tisa haikuweza kuibeba ile nne. Kwenye mchepuo aliouchagua mwenyewe, hesabu si lazima hata kidogo. Angefaulu akiwa anapiga miayo.

Sasa siku ya matokeo. Utaratibu wa shule ni ule ule tangu zamani zetu: walioshindwa hupigiwa simu kati ya saa saba na saa nane mchana, na ambaye simu yake haikulia hadi saa nane amefaulu, aende shuleni saa kumi akachukue alama zake. Tulikaa sebuleni kwenu, kahawa inapoa, wewe macho kwenye saa ya ukutani. Ilipogonga saa nane ukainuka kama umechomwa sindano. Ukatoa bendera, kama ilivyo desturi yetu mtoto akifaulu, ukaufunga mkoba wake wa shule kwenye ncha ya mlingoti, ukamwita Douwe wa ng'ambo ya mfereji aje aone, ukamwambia mwanao kabaki na trekta na mwanangu mimi ni mhandisi. Jildou alikuwa analia kwa furaha. Alinikumbatia akaniambia, shangazi, siamini, hesabu nilijua nimeanguka.

Saa tisa Mwalimu Akkerman akafika kwa baiskeli, uso mwekundu, anahema. Aliogopa mtoto asije akaenda shuleni na wenzake akaumbuka kule. Alisimama chini ya ule mkoba, akautazama. Akasema amepiga simu mara tatu. Wewe ukamwita mwongo mbele ya Douwe. Jildou akauteremsha mkoba mwenyewe, na hukumsaidia hata kushika kamba. Ulikuwa unaendelea kufoka.

Mtihani wa marudio alifanya kichwa kimejaa maneno yako. Ijumaa wamemjibu: hesabu ni nne ile ile. Ameshindwa.

Sasa kaa chini, kama hujakaa.

Mwaka 1989 nilikuwa na umri kama wake. Masomo yangu ulinichagulia wewe, kwa kuwa ulikuwa fundi tayari na baba alikusikiliza kuliko alivyomsikiliza mama. Mimi nilitaka Kijerumani na muziki, ukasema muziki unapigwa kwenye harusi. Simu ilipolia saa saba na nusu uliipokea wewe. Hukuniita. Ulitoka nje, ukaikunja bendera ambayo baba alikwishaitoa, ukapaza sauti hadi ng'ambo ya mfereji kwamba Tjitske kafeli, mwenye shida ya mfanyakazi wa kuosha vyombo aje. Nimeosha vyombo hotelini miaka kumi na moja. Wewe hayo umeshasahau, maana aliyepigwa ndiye anayekumbuka.

Siku ile ya matokeo, Juni hii, Jildou aliniletea simu yake. Akaniambia, shangazi, nishikie wewe, ikilia nitakufa. Nikaiweka mfukoni mwa sweta, nimeizima sauti. Ilitikisika saa saba na dakika arobaini, ikatikisika tena, ikatikisika ya tatu. Nilikwenda msalani ikiwa bado inatikisika, nikaona jina la Mwalimu Akkerman. Nikakata. Nikafuta zile simu zote tatu. Nikarudi kukaa karibu yako, nikangoja upandishe bendera, ili safari hii uwe wewe wa kuiteremsha watu wanatazama.

Mwalimu hakuzembea. Mzembe hayupo katika habari hii, kuna wabaya wawili, na wote wamezaliwa nyumba moja. Nakala ya barua hii imeshakwenda kwa mkuu wa shule, kwa hiyo usijisumbue kuichana.

Jildou nimemwambia jana, kabla yako. Nilitegemea atanitukana. Nilijitetea, nikamweleza yote uliyonifanyia, nikamwambia nilikuwa nampigania yeye pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu yake mezani, akasema, "Hata wewe, shangazi, hukuniuliza." Kisha akapanda juu akafunga mlango. Tangu hapo hajasema nami ila kuomba kalamu.

Kalamu ilikuwa ya hii fomu iliyo ndani ya bahasha. Mshauri wa masomo amekubali arudi darasa la nne, achague mchepuo upya, miaka miwili zaidi. Bado ana miaka kumi na saba, kwa hiyo inatakiwa sahihi ya mzazi. Ameijaza peke yake na kuifunika kwa karatasi, nafasi ya sahihi tu ndiyo iko wazi. Mimi sikuichungulia. Amesema na wewe usiichungulie, uweke sahihi urudishe. Nadhani hutaweza, lakini nakuomba, na hili ndilo ombi la kwanza nililokuomba tangu 1989.

Wifi Baukje msalimie sana. Mwambie mkate wa sukari aliotuma umefika, Jildou amekula vipande viwili akiwa amesimama.

Ni mimi dada yako, upende usipende,

Tjitske