Swali la Matroni

Mpenzi Nakato,

Najua barua hii utasomewa na mtu mwingine, na ndivyo nilivyotaka. Nilikukana mbele ya watu, basi na aibu yangu isomwe kwa sauti mbele ya mtu.

Unaikumbuka ile nyumba ya walemavu kule Kyebando, vita vilipokwisha? Mimi askari niliyerudi bila miguu, wewe huoni tangu utotoni. Kila mchana ulinisukuma kwenye kiti changu cha magurudumu mpaka bombani, nami nikikutangazia njia. "Shimo. Kushoto. Kuku wa matroni." Siku moja nilitangaza shimo lisilokuwepo, ili usimame tu, uniinamie kidogo. "Afande, wewe naongopa," ulisema ukicheka, na mkono wako hukuuondoa begani pangu. Ukinirudisha bwenini, ulikigeuza kiti mlangoni kielekee uani, nikuone ukienda zako. Hakuna aliyewahi kunifikiria hivyo.

Mapenzi yalikuwa marufuku mle ndani. Wakikamatwa wawili, mmoja alirudishwa kwao, na mimi kwetu hakukuwa na mtu aliyebaki. Matroni, msimamizi wa nyumba, alitusimamisha bombani, watu wote wapo na ndoo zao, akaniuliza, "Huyu mwanamke nani yako?"

"Hapana mtu yangu, matroni," nikajibu upesi. "Yeye nasukuma kiti tu."

Mikono yako ilikuwa bado kwenye kiti hicho. Ulinirudisha bwenini. Nikatangaza njia kama siku zote. Ukaniacha nimeelekea ukutani. Wiki ile ile kaka yako akaja kukuchukua, nikaambiwa umeomba mwenyewe. Wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mimi nilikimbiza kitanda changu cha mle bwenini. Nilikilalia miaka mingi, na sikuwahi kukipenda.

Hilo naweza kulisingizia woga. La soko la Nakasero sina pa kulisingizia. Mwezi uliopita nilikuona sokoni, msichana amekushika mkono, unachagua nyanya kwa kuzibonyeza moja moja. Nilikuwa karibu kiasi cha kukugusa, nikanyamaza. Nilijificha ndani ya upofu wako, Nakato, mimi niliyekuwa macho yako! Nikageuza kiti polepole niondoke. Ni kiti kile kile, na gurudumu la kushoto likalia kama zamani. Ukainua kichwa.

"Afande," ulisema, "shimo iko mbele."

Hapakuwa na shimo. Nilielewa ulitaka nisimame, nami nikaenda zangu.

Sasa naona haya hata kukuomba msamaha. Sikuombi unirudie. Namwomba tu huyo anayekusomea aisome sentensi inayofuata mara mbili, kwa sauti ya kusikika hata nje: Matroni, huyu ni mpenzi wangu.

Kwaheri, Nakato. Jumamosi nitakuwa pale penye nyanya, na kiti nitakisimamisha hata usiponiita.

Ni mimi uliyekuwa ukinisukuma,
Afande wako