Mfuko wa Ulezi wa Mama Mdogo

Mama,

Shikamoo. Unisamehe nimekaa kimya tangu tulipokuzika mpaka mtoto niliyekuwa nimembeba tumboni ameanza kutambaa. Kila nikishika kalamu naona aibu. Leo nimeshindwa kujizuia. Moyo unaruka kama wa mchimbaji aliyeona dhahabu inang'aa kwenye karai.

Mama Mdogo Ghati amekula. Amekula ugali wa mtama na samaki, akadai mchuzi zaidi, kisha akanigombeza kwamba chumvi nimeweka kama nalisha ng'ombe. Nilikaa chini jikoni nikacheka huku machozi yananitoka.

Ngoja nianze mwanzo. Ulipoondoka hukujua kwamba na mdogo wako ana uvimbe kwenye titi. Alificha, kama ulivyoficha wewe. Nilimfuata kijijini Machochwe nikamleta kwangu huku machimboni, tukaenda hospitali kubwa Mwanza, wakamwanzishia dawa za dripu. Dozi sita. Akawa anarudi mikono baridi kama ametoka mtoni. Halali, hali.

Nikakumbuka nilivyokuwa nakukanda wewe. Ile rashi ya dhahabu ilipolipuka, watu wote wamehamia kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba, kila jiwe lililopandishwa juu lilikuwa na sifa zake. Mume wangu Chacha akaleta mawe mazito ya mwamba wa dhahabu, wenzake wamemwambia yanatunza joto kuliko ya mtoni. Nikayachoma kwenye mkaa, nikayafunga kwenye kanga, nikakuwekea mgongoni. Chumba kizima kikanuka kama njiti za kiberiti, na wewe unakohoa. Nikataka kuyatoa, ukasema, "Acha, dawa isiyonuka ni maji." Ulilala vizuri siku ile. Tarehe ya kurudi hospitali tukaipitisha. Na iliyofuata. Mimi ndiye niliyesema tungoje, si unapata nafuu.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nimeandika, basi.

Safari hii nilimuuliza nesi kwanza. Ni mama mtu mzima, mkali. Kusikia habari ya mawe akashika kichwa. "Mwanangu, mawe ya shimoni ukiyachoma yanatoa sumu. Mlikuwa mnamvutisha mgonjwa sumu." Halafu akaniona uso, akalegeza sauti. Akasema joto lenyewe si baya, linalegeza mwili na kuleta usingizi, na mtu akilala na kula, askari wa mwili wake wanapata nguvu. Wapo wataalamu wanaochunguza kama joto linawaamsha hao askari zaidi. Lakini mfuko wa moto hauui saratani, asinidanganye mtu. Nisiweke kwenye uvimbe wala penye ganzi. Kwanza nijaribu kwenye shavu langu mwenyewe. Akipata homa nisimkande, nimkimbize hospitali.

Basi nilichana kitenge chako cha bluu, usinune, nikashona mfuko, nikajaza ulezi. Naukaanga kidogo kwenye sufuria, namwekea miguuni na kiunoni. Nyumba inanukia nafaka. Siku ya kwanza tu alikoroma mpaka Chacha akauliza kama kuna karasha limeanza kusaga mawe ndani.

Shida ikaja kwenye dozi ya nne. Akasema, "Sirudi Mwanza. Yale madripu yananiua, huu mfuko unaniponya." Mama, yalikuwa maneno yetu ya wakati ule. Nikauchukua ule mfuko, nikaufunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, nikamwambia, "Mfuko unapanda basi. Ukiutaka, ufuate."

"We mtoto, kiburi hicho nani kakufundisha?"

"Dada yako, kwa kufa kwake."

Kisha akaulizia viatu vyake.

Tulipanda basi. Njia nzima ameukumbatia mfuko, na wodini wenzake wakamuuliza kama amebeba mbegu. "Nimebeba mume," akawajibu, "huyu hanipigi wala hanywi." Wakacheka wote, hata wale wasioweza kuinuka. Ile dozi ikaingia. Tumerudi, na leo, siku ya nne, ndiyo amekula hivyo nilivyokuambia.

Sijui itaishaje. Nesi naye hasemi. Lakini hakuna tarehe itakayopita, nakuahidi, hata akinilaani, hata akipata nafuu kiasi gani.

Pumzika, Mama. Mtoto ameamka, naacha. Kama huko kuna njia ya kutuma vitu, bado nahitaji hivi: usingizi wa mchana mmoja mzima. Ukali wako, unifikie Jumatatu asubuhi kabla hatujatoka kwenda stendi. Na nguvu za miguu ya mdogo wako, za kupanda ngazi za basi mara mbili zilizobaki. Mara mbili tu. Mengine nitafanya mwenyewe.

Mwanao,
Boke