Muchi wa Mama

Lusangi

Yaya Marcellin,

Pokea salamu za mudogo wako Dieudonnée na za wote wa hapa nyumbani. Natumaini huko Salamabila muko wazima, na kile kifua chako kimepoa. Sisi tuko salama, Mungu asifiwe.

Nimesikia unakuja mwisho wa mwezi kumuchukua Mama, akae kwako asiguse kazi tena. Najua ni upendo. Lakini soma kwanza, yaya, ndipo upande pikipiki.

Kazi yangu pale université unaijua: nachunguza namna mutu anavyoweza kuzeeka na nguvu zake. Mwaka huu nimezunguka Kasongo na Kabambare kuongea na wazee, na nilichokuta kiliniuma. Wanaolegea mbio ni wale wenye watoto wazuri. Mutoto mwenye heshima anamunyang'anya mama jembe, anamuwekea kiti, anamuletea hata maji ya kunawa. Mama anakaa tu, miguu inapoteza nguvu, kisha anaanguka akienda chooni, na watu wanasema ni uzee.

Kufika hapa, nikakuta na kwetu ni vile vile. Mama alikuwa hanyanyuki bila kushikwa mukono. Léocadie, muke wa mudogo wetu Antoine, alikuwa amemufichia muchi wa kutwangia. Nilipouomba alikataa, akasema majirani wakimuona mama mukwe anatwanga na yeye yupo, watamuita muvivu na jina hilo halitamutoka. Hasira ilinipanda, lakini alisema kweli. Basi tukapatana watwange pamoja, kinu kimoja michi miwili, mbele ya watu wote. Wanawake walicheka mwanzoni. Sasa mama Cécilia wa jirani naye anadai muchi wake kwa mukwe wake.

Polepole Mama alirudi. Leo ana nguvu, anachota maji mwenyewe na kidumu kidogo, na ananigombeza nikichelewa kuosha sahani.

Na kuna jambo tulikuficha. Ule muchele tuliokutumia juzi, ukapiga simu kumusifu Léocadie kwamba hujaona muchele mweupe vile wala punje iliyovunjika, ni Mama aliutwanga. Léocadie alipepeta tu.

Habari ya safari yako Mama anayo, na amenituma nikuandikie hivi: «Marcellin asinibebe. Mimi nilimubeba kwa sababu alikuwa hajui kutembea. Mimi najua.»

Njoo basi, yaya, umutembelee. Usipomukuta nyumbani, ulizia njia ya shamba.

Unisalimie wifi na watoto.

Ni mimi mudogo wako,
Dieudonnée