Treni Ambayo Baba Aliiona

Stesheni ya Tochinai,
mwezi wa kumi na moja.

Kaka yangu Shigeru,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Misuzu, pamoja na mwanenu Itsuki ambaye nasikia meno ya mbele yameshaota. Na mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema kiti cha ofisini kitakuua kabla ya wakati wako. Sisi huku tunasukuma siku. Milima imeshakuwa myekundu kwa majani ya vuli, wageni wanagombea madirisha kila treni, na kaki tulizomenya, yale matunda ya mti wa uani, zinaning'inia barazani zikikauka vizuri. Baba anakula. Supu anaimaliza, wali anabakiza kidogo.

Barua yako niliipata. Umeniambia nimeubeba mzigo peke yangu vya kutosha, kwamba ile nyumba ya wazee ya Kawabe imepata nafasi, na kwamba Jumapili utakuja tumalize mambo, maana mzee aliyeanza kuona treni zisizokuwepo hawezi kuachwa peke yake mchana kutwa. Habari hiyo ya treni nilikupa mimi mwenyewe kwenye simu. Ukanisifu kwa uvumilivu wangu, mpaka nikaikunja barua yako na kuisukumia chini ya godoro nisiione. Kaka, nisome mpaka mwisho kabla hujawajibu watu wa Kawabe.

Unajua jinsi Baba alivyoishi tangu astaafu kazi ya reli. Kila asubuhi alivaa kofia yake ya zamani na glavu nyeupe, akateremka hadi stesheni, akasimama mwisho wa jukwaa. Treni ikitaka kuondoka alinyoosha mkono, kidole kikaielekea taa, akatamka kwa sauti yake ileile: "Ya kuondokea, kijani!" Dereva naye alinyoosha chake na kurudia. Hakuna aliyemwajiri, na hakuna aliyemkataza. Alikuwa amesahau kwamba Mama ametutoka, alisahau hata kama amekula au la, lakini pale jukwaani hakuwahi kuiita nyekundu kijani. Bibi Orie, yule anayeuza maandazi ya mchele mlangoni, alimtania kwamba siku asipokuja wageni hawanunui kitu, kwa hiyo afunge ndoa naye wagawane faida. Baba alimjibu kwamba maandazi yake ni magumu na yeye meno amebakiza machache.

Mimi na wewe tulilelewa kwa kidole hicho. Hatukuvuka njia bila kunyoosha kulia na kushoto. Hatukulala mpaka mmoja wetu aelekeze kidole jikoni na kusema, "Jiko, limezimwa!" Nakumbuka ulivyochekwa shuleni siku ile ulipounyooshea kidole mlango wa choo ukatangaza umefungwa. Nadhani ni siku hiyo uliyoapa kwamba kofia ya reli hutaivaa, na sikulaumu. Ila utakumbuka pia kile alichotupigia mikono. Alitupiga tulipotamka kabla ya kutazama. Ona kwanza, ndipo useme, hivyo ndivyo alivyotufunza. Na ukishuku ulichokiona, usibishane na jicho lako, mwite mwenzako naye anyooshe. Hayo ndiyo maneno ninayoendeshea treni mpaka leo.

Sasa nisikilize. Mwanzoni mwa mwezi kampuni ilizindua behewa jipya linalojiendesha kwa injini yake, lenye madirisha mapana hadi darini, limepakwa rangi ya zambarau iliyokoza. Wanasema behewa hilo lisipovuta wageni, reli yetu itafungwa na mabasi yatachukua nafasi. Wakubwa wa mkoa walialikwa, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuliendesha, mwanamke wa kwanza kushika usukani wa treni kwenye reli hii. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilipeleka sare yangu kwa dobi wakati ilikuwa safi.

Siku chache kabla ya hapo Baba alijikojolea jukwaani. Kulikuwa na kundi la wageni kutoka Tokyo, na mama mmoja akamvuta mwanawe pembeni huku ameziba pua. Nilikuwa ndani ya treni, nikaona yote, na sikushuka. Bibi Orie ndiye aliyevua aproni yake akamfunga kiunoni na kumwambia kwa sauti ya kawaida, "Twende babu, chai inapoa."

Kesho yake mkuu wa stesheni, Bwana Ukai, aliniita ofisini. Alinimiminia chai, akaongea habari za baridi kwa muda mrefu. Mwisho akasema kwamba siku ya uzinduzi jukwaani kutakuwa na upepo mwingi, na anahofia kifua cha mzee. Basi. Unawajua watu wetu, hapo nilikuwa nimeshaambiwa Baba asije. Ningeweza kujifanya sijaelewa, nikasema mzee ana koti zito. Badala yake niliinama nikamshukuru kwa kumjali baba yangu. Na kaka, nilitoka mle ofisini nimefurahi. Nimefurahi kwamba mtu mwingine ndiye aliyelisema.

Siku ikafika. Nilimpa Baba kaki amenye, nikitumaini zitamshughulisha. Alizimenya zote, akanawa mikono, akachukua kofia. Nikamwambia apumzike, akaniambia treni haipumziki. Nikasimama mlangoni, naye akanizunguka kwa upole na kutaka kuvaa viatu. Nilikuwa nachelewa. Ndipo nikafanya lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

Nilivaa glavu zangu za kazi. Nikajinyoosha mbele yake, nikaelekeza kidole upande wa reli, nikatamka kwa sauti ya kazi: "Leo, treni zote zimesimamishwa!"

Baba alisimama wima. Kisha akanyoosha kidole chake na kurudia neno kwa neno, kama kanuni inavyotaka. Akavua kofia, akaitundika, akaketi. Hakuuliza sababu. Miaka yote ya reli hajawahi kusikia mtu akinyoosha kidole na kutamka asichokiona, na angefikiriaje kwamba wa kwanza atakuwa binti yake?

Nikaenda kuendesha. Unajua reli inavyopita juu ya ua wetu, treni ikishatoka tu kwenye handaki. Tangu nianze kazi, nikifika pale napiga honi fupi, na Baba akiwa nyumbani hunyoosha mkono. Siku hiyo sikupiga. Nilijiambia kwamba atakuwa amesinzia. Lakini alikuwa uani na mwanzi wake wa kuchumia kaki, amesimama kwenye ukingo, karibu kabisa. Aliliona behewa lile la zambarau ambalo hajawahi kuliona. Aliniona na mimi. Mkono wake ukaanza kupanda, ukafika usawa wa kifua, ukasimama. Mimi nikakaza macho mbele na kumpita. Nyuma yangu wakubwa wakapiga makofi kwa sababu ya majani mekundu ya bondeni.

Jioni nilirudi na sanduku la chakula cha sherehe. Baba alikuwa ameketi mezani, glavu zake amezikunja vizuri mbele yake. Aliniambia nikae. Akaongea taratibu, akili yake timamu kuliko nilivyoiona tangu mwaka uanze.

"Mwanangu Kazue, ugonjwa umenizidi. Leo treni zimesimamishwa, na mimi nimeona treni. Ya zambarau iliyokoza, imepita bila honi. Hata wewe nimekuona, unaiendesha. Lakini hukunitazama, ndipo nikajua si kweli."

Akaendelea kwamba mtu anayeona kitu kisichokuwepo hana haki ya kunyoosha kidole mbele ya watu, maana ipo siku ataua. Akanisukumia zile glavu nizirudishe stesheni. Nikazipokea, kaka. Nikazipokea kwa mikono miwili, nikainama, nikafungua sanduku. Tulikula chakula cha sherehe.

Tangu siku hiyo hajateremka stesheni. Anaketi barazani, na treni ikipita anafumba macho mpaka sauti iishe. Bwana Ukai ananipa pole. Majirani wananipa pole. Wewe uliponipigia simu ukaniuliza kimempata nini, nikakujibu kwamba anaona treni ambazo hazipo.

Treni ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa naiendesha.

Juzi nilipiga moyo konde nikamweleza. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikamwambia kila kitu, upepo wa Bwana Ukai, aibu yangu, honi niliyoinyamazisha. Nilidhani atanipiga mkono kama zamani, na ningeshukuru. Alinipapasa kichwa. Akasema mimi ni mtoto mwema, kujisingizia uongo ili baba yangu asijisikie mgonjwa. Hakuamini. Niliharibu neno langu kwa uongo, sasa hata ukweli nikiutoa kinywani hauna kazi. Nikanyoosha kidole kuelekea reli ili niape kwa namna yake, naye akaushika mkono wangu akaushusha, akasema tusiichezee kazi.

Ndiyo maana nakuandikia. Sikatai kwamba Baba anasahau, na huenda siku ya Kawabe itafika. Lakini asiende huko kwa ajili ya kosa langu. Jumapili njoo, ila usije kukubaliana na mtu yeyote. Njoo mapema tusimame uani sote watatu. Nimeomba zamu yangu ishikwe na mwenzangu, na yeye atapiga honi. Behewa lilelile la zambarau likitokeza kwenye handaki, wewe nyoosha mkono, utamke kwa sauti kwamba unaliona. Baba ameshuku jicho lake, na mwenzake wa kunyoosha pamoja naye ni wewe peke yako. Ulichekwa kwa ajili ya kidole hicho, najua, na ninakuomba jambo ambalo sina uso wa kuliomba. Ukimaliza kunyoosha, nigombeze utakavyo. Nimestahili.

Nisalimie wifi na umbusu Itsuki kwa niaba ya shangazi yake. Nitawawekea kaki zilizokauka vizuri, zile za juu kabisa ya kamba. Glavu sikuzirudisha stesheni, nimezifua na ziko mfukoni mwa koti langu la kazi.

Baba amepita sasa hivi akaniuliza ninamwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Amesema anakusalimu sana, na ameniomba nisikutajie habari ya ile treni, usije ukapata wasiwasi huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Kazue